Miguu Peku Ukutani

Huo ulikuwa mwaka tuliokula maparachichi yaliyokataliwa. Wanunuzi walikuja Uyole na magari ya baridi, wakapima tunda mojamoja kama fundi cherehani anavyopima shingo ya mteja. Lenye doa waliacha. Dogo waliacha. Lililoanguka lenyewe hawakutaka hata kuliona. Yaliyoachwa yakawa yetu: asubuhi parachichi na chai, mchana parachichi na ugali, jioni parachichi na chumvi, na nguruwe bandani anakula hilohilo. Mwanangu mdogo, ambaye nakaa kwake, akasema, "Mama, vumilia, matunda mazuri yamepanda ndege." Nikamwambia, "Na sisi tumebaki na nguruwe."

Miaka kwa namba siijui vizuri. Shule niliishia darasa la nne, nikaitwa nyumbani kulea wadogo zangu. Lakini niulize tulikula nini, nitakuambia nani alizaliwa mwaka huo na nani alikufa.

Basi mwaka huo wa maparachichi mjukuu wangu alikuja likizo. Anasoma ualimu Iringa, somo lake uchoraji na historia. Alikuja na kitabu kizito kama tofali, cha maktaba ya chuo, amekifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Akakiweka mezani, akanisogezea kiti.

"Bibi, njoo uwaone Wazungu wa zamani."

"Zamani ya lini? Ya Mjerumani?"

"Kabla ya Mjerumani, Bibi. Hata hawajajua kama wewe upo."

"Walipata hasara."

Akacheka, akafungua. Zilikuwa picha za makanisani kwao. Katikati kakaa Bikira Maria na Mtoto, mkubwa, anajaza ukurasa. Kando watakatifu wamesimama wima. Na chini kabisa, kwenye pindo la nguo ya Maria, kuna kimtu kimepiga magoti, kidogo kama panzi.

"Huyu panzi ni nani?"

"Ndiye aliyelipia picha, Bibi."

"Amelipa halafu wamemchora hivi?"

"Subiri."

Akafunua kurasa kadhaa. Picha nyingine, Maria mwingine, na mlipaji mwingine. Sasa anafika magotini kwa mtakatifu. Akafunua tena. Huyu sasa yuko sawa na Maria kwa kimo, kavaa koti lenye manyoya shingoni, vidole vimejaa pete, mke wake pembeni na gauni la kitambaa kingi kama pazia la ukumbi. Mbele yao kalala mbwa.

"Na mbwa?"

"Mbwa wao."

"Mbwa ameingia mbinguni mimi bado nipo Uyole nakula parachichi bovu. Kwani huyu bwana alikula nini akakua hivi?"

Akanieleza taratibu, maana anajua mimi si mjinga, nilikosa tu shule. Akasema kwanza mwenye nguvu kule alikuwa mwenye ardhi na kanisa. Halafu ikaja tauni. Watu wakafa, kijiji hiki, kijiji kile, mpaka mashamba yakakosa mikono. Wachache waliobaki wakaanza kupandisha mabega: ukitaka nikulimie, ongeza. Wenye ardhi wakatunga sheria za kuwabana, lakini mtu anayehitajiwa hatishiki kirahisi. Na mijini wafanyabiashara wa sufu na vitambaa wakazidi kuinuka, wakapata fedha kuliko mabwana wa zamani, nao wakataka sura zao zionekane kanisani. Wachoraji wakawachora, maana wachoraji nao wanakula.

"Walichanganya rangi na kiini cha yai," akasema.

"Hilo najua."

"Umejulia wapi?"

Wakati huo alikuwa amefunua ukurasa mwingine na mkono wangu ulikuwa umeshatua juu yake. Ilikuwa picha ya mifupa inacheza ngoma. Mfupa mmoja umemshika mkono mfalme, mwingine askofu, mwingine mama mwenye mtoto, mwingine mkulima na jembe lake begani. Wote mstari mmoja, wote wanaelekea upande mmoja.

"Hii nimeiona," nikasema.

"Wapi, Bibi?"

"Igowole. Na wewe umeiona. Baba yako yumo."

Akafunga kitabu.

Sasa nitasema habari ya ukuta, maana bila ukuta huo hakuna ninachosimulia.

Zamani nilikaa nje kidogo ya Igowole, Mufindi, kwenye baridi na mashamba ya chai, nilikoolewa. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kuchora mabango. Kichwa cha ng'ombe kwenye bucha, mkasi na kichwa cha mwanamke kwenye saluni, simba nyuma ya lori, vyote vilikuwa vyake. Ujana wake alimsaidia bruda mmoja misheni kurekebisha picha za kanisa, ndiko alikojifunza kuchanganya udongo na yai pale rangi ya dukani inapokosekana. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na mikono.

Kisha ukaja mwaka tuliokula msibani. Wenye umri wangu huko Mufindi wananielewa. Ugonjwa ule tulikuwa hatuutaji jina, tulisema fulani amekanyaga waya, basi. Mwanzoni mwa mwaka, ukienda kwenye msiba ulikula ugali na nyama, kwa sababu watu bado walikuwa na ng'ombe na bado walikuwa na haya. Kufika katikati, nyama ikaisha, tukala maharage. Mwisho wa mwaka tulipewa ugali na mboga za majani zisizo na mafuta, na nyumba nyingine chai ya rangi peke yake, na hakuna aliyenung'unika, maana aliyekuwa anapika leo kesho alikuwa anapikiwa yeye. Jiko langu lilipoa. Nilikuwa narudi kutoka kwenye msiba huu nakutana njiani na anayekuja kuniambia habari ya msiba mwingine, namwambia usiseme, twende tu.

Mwanangu wa kwanza alikufa mwaka huo. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minne. Mjukuu wangu huyu wa kitabu alizaliwa baba yake ameshakuwa rangi ukutani.

Ilianza hivyo, na mwanangu. Tulikuwa hatuna picha yake hata moja. Ya kipaimara ilipotea tulipohama. Baada ya arobaini mume wangu alichukua udongo kaburini, ule mwekundu, akauchekecha kwa kitambaa cha chai, akaomba mayai kwa jirani, akaenda kanisani kwetu, kigango kidogo cha matofali ya kuchoma, akamchora mwanetu kwenye ukuta wa mbele, upande wa kushoto wa altare. Hakumwomba mtu ruhusa. Alimchora anatembea, kashika redio yake. Shati lake ndilo alilolipaka udongo ule.

Jumapili watu walipoingia kanisani hakuna aliyepiga ishara ya msalaba. Walisimama tu. Kisha mama mmoja akatoka nje. Alirudi misa inakwisha, na udongo kwenye kona ya kanga.

Toka hapo ikawa ndiyo desturi ya pale kwetu. Nyumba iliyofiwa inaleta udongo wa kaburi na yai. Ilikuwa mwaka wa njaa, watoto wanatamani yai, na yai linakwenda ukutani. Mume wangu anauliza, "Alipenda nini? Alitembeaje?" Anachora. Mstari ukarefuka kwenye ukuta uleule wa mbele, kutoka kona ya kushoto mpaka karibu na altare, watu wanaokwenda, mmoja nyuma ya mwenzake. Mchuma chai na kapu lake. Mwalimu na chaki. Mama aliyebeba kuni. Karani. Mlevi wetu na kibuyu chake cha ulanzi, na mama yake ndiye aliyesisitiza kibuyu kiwepo, akasema, "Bila hicho hata Mungu hatamjua."

Mume wangu hakujua kumfanya mtu aonekane yuko mbali. Kwake mtu ni mtu, kimo kimoja. Msimamizi wa shamba la chai naye alikufa, bwana mkubwa mwenye pikipiki, tulikuwa tunamwamkia hata akiwa amegeuka. Akachorwa kimo kilekile, nyuma ya mwanamke ambaye yeye alikuwa akimkata ujira kwa majani yaliyonyauka. Ndugu zake wakaja juu.

"Fundi, huyu alikuwa bosi wake! Mbona yuko nyuma?"

"Alikufa nyuma yake," mume wangu akasema. "Mwezi mmoja."

Katekista wa wakati ule aliona ugomvi unaweza kuja baadaye, akaandika kwenye daftari la kigango kwamba ukuta ule hautaguswa mpaka kila nyumba iliyoleta udongo ikubali. Wote tukasikia ikisomwa. Tukaitikia.

Kuna rafiki yangu kwenye mstari ule. Tulibeba mbao pamoja, kichwani, kutoka msituni hadi barabarani, yeye mbele mimi nyuma, ubao mmoja. Alikuwa na pengo la mbele na kicheko cha kuvunja vyungu. Alikufa akaacha mtoto wa kike wa miaka sita, nikamchukua. Nilimlea pamoja na mjukuu wangu, mmoja mgongoni mmoja mkononi. Mpaka leo ananiita mama.

Mambo baada ya hapo yalikwenda kama kwenye kitabu cha Wazungu, ndiyo maana sikushangaa sana. Mikono iliadimika. Shamba la chai lililokuwa linafukuza watu sasa lilituma gari na kipaza sauti: njooni, ujira umepanda, wanawake pia njooni. Wajane wakashika mshahara kwa mara ya kwanza. Mmoja alinunua baiskeli, akafa nayo ikiwa bado na nailoni kwenye usukani, na ukutani anaisukuma. Mashamba ya mahindi yakabaki bila mlimaji. Unalimaje nyumba ina bibi na watoto watatu? Watu wakapanda misonobari. Msonobari hauhitaji palizi kila mwezi. Ukiupanda unaweza kufa, wenyewe unakua.

Shamba la rafiki yangu nililipanda misonobari mimi na mume wangu, kwa ajili ya mtoto wake, kwa sababu hatukuwa na nguvu ya kulilima. Hatukuwa na akili ya biashara, tulikuwa tumechoka tu. Miti ikakua na mtoto. Alipokuwa msichana mkubwa bei ya mbao ikapanda, akakata, akauza, akanunua shamba la jirani, akapanda tena. Leo ana kiwanda cha mbao, ana maparachichi yanayopanda ndege, ana mume mwenye tai na nyumba ya ghorofa Mlandege, Iringa mjini. Ni humo ndani mjukuu wangu anakaa akisoma chuo. Chumba chake mwenyewe, kitanda chake. Sijaombwa hata sabuni. Sisemi habari ya mtu mbaya, mjue hivyo.

Likizo ilikuwa haijaisha katibu wa kigango aliponipigia simu.

"Bibi, shikamoo. Tajiri wetu, yule binti yako, anajenga kanisa."

"Marahaba. Kanisa lilianguka?"

"Linavuja, Bibi. Analeta bati jipya lote, marumaru chini, dari. Na ukuta wa mbele utapigwa plasta upya, kuna mchoraji anatoka mjini. Nyumba zote zimeshakubali kwa ukuta, zimetia sahihi. Imebaki ya kwako."

Nikamwambia sitii kidole kwenye simu. Nitakuja.

Tulikwenda na mjukuu wangu, tukalala Igowole, Jumapili tukaenda misa. Nilikuwa sijaingia mle tangu nimzike mume wangu. Ukuta ulikuwa umeumia. Maji yalishuka kutoka darini yakamchirizia karani usoni, mlevi amebakia kibuyu na bega. Mjukuu wangu alikwenda kwa baba yake kama anavyofanya tangu mdogo, akaweka kiganja kwenye ule mkono wenye redio. Zamani ilibidi anyooshe. Sasa aliinama.

Baada ya misa Paroko aliomba watu wabaki. Ni padri kijana, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Tajiri wetu aliingia na gauni la kijani, viatu vyake vinalia kwenye saruji, ko, ko, ko. Aliponiona alipiga magoti palepale, na gauni lake zuri.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Inuka, unachafuka."

"Nitafua."

Nikacheka. Hapo nilikuwa bado nampenda bila kizuizi.

Akafunua karatasi kubwa, mchoro wa mchoraji wa mjini. Katikati Bikira Maria. Upande wa kulia amepiga magoti yeye, na mume wake, na watoto wao watatu wamevaa lesi. Nyuma yake kasimama mwanamke mnene, gauni jeupe, viatu vya dhahabu, meno yote.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Ni mama yangu, mama."

"Mama yako alikuwa na pengo. Na mwili huo aliupata wapi, mbinguni wanakula wali?"

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Mjukuu wangu alikuwa anaangalia karatasi, kisha akaniangalia mimi, nikajua anaona ninachokiona: wamefika kimo cha Bikira. Ilibaki mbwa.

"Mama," akasema tajiri, sauti imeshuka, "njoo utazame." Akanishika mkono akanipeleka mbele ya mama yake. Rafiki yangu na mzigo wa kuni, kitenge kimechanika ubavuni, miguu peku. Vidole vimetanuka kama vya bata. Mume wangu alivichora vizuri sana vidole vile.

"Siku ya ubatizo wa mtoto wangu wa mwisho, wakwe zangu walikuja wote. Mama mkwe akasimama hapahapa. Akauliza, huyu maskini asiye na viatu ndiyo nani? Mama, nilisema simjui. Nikasema labda ni mtakatifu fulani." Akashika mdomo. "Nimemkana mama yangu kanisani. Usiku silali. Nataka nimvishe. Kuna ubaya gani mtu kumvisha mama yake?"

Ningeweza kunyamaza. Miaka yote nilinyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikotufikisha pale.

"Mama yako alikuwa na viatu," nikasema.

"Viatu gani?"

"Vya plastiki, vyeupe, vya matundu. Siku chache kabla hajafa alivitia kwenye mfuko wa nailoni akanipa. Akaniambia, dada, msinizike navyo, mtoto atakua vitamtosha. Fundi alimchora peku kwa sababu alizikwa peku. Viatu ulivivaa wewe darasa la pili, nimekujazia matambara kwenye vidole."

Alinitazama kama mtu niliyempiga kofi.

"Vile viatu uliniambia vimetoka kwenye mitumba."

"Nilikudanganya. Ungekataa kuvaa viatu vya maiti, na jalidi ilikuwa inakata miguu. Halafu ukakua, nikaona hakuna haja."

"Hakuna haja?" Sauti yake iligonga bati. "Miaka yote hii naionea aibu miguu ile! Toka mtoto nakaa benchi la nyuma nisiitazame! Na wewe umekaa na neno hilo mdomoni kama pipi?"

Nilidhani akishajua atalainika, atasema basi uachwe. Ndivyo nilivyopiga hesabu zangu njia nzima kutoka Uyole. Nilikosea. Alilia sana, akajifuta kwa ushungi, na alipomaliza uso wake ulikuwa mgumu kuliko alipoanza.

"Sasa ndiyo ufutwe kabisa," akasema. "Siwezi kusali mbele ya miguu ile, na viatu vyake ndivyo vilivyonipeleka shule. Siwezi, mama. Nitakufa."

Mama mmoja wa benchi la tatu akadakia. Namjua, mume wake yumo mstarini.

"Bibi, na sisi tuseme. Mimi marehemu wangu nampenda. Lakini wewe unakaa Uyole, huloi. Masika tunasali na ndoo mapajani. Padri anainua hostia, tone linamwangukia. Wewe utarudi kwako kwenye bati zima, sisi tutabaki na maiti wako wanaochuruzika."

"Na mume wako pia anachuruzika."

"Ndiyo, na ningependa apumzike!"

Watu wakaguna. Wengi waliguna upande wake, na sikuwalaumu. Mjukuu wangu akaniinamia sikioni. "Bibi, nimewapiga picha wote. Baba yupo, kila mtu yupo. Hawatapotea." Akanionyesha simu. Wote walikuwa mle, wadogo kama mchele.

"Na udongo upo kwenye simu?" nikamuuliza.

Akazima simu. Alikuwa ananiambia vile kwa woga, najua. Kitanda chake kiko Mlandege.

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia tajiri alete bati kwanza, paa likizibwa ukuta utakauka, mchoraji wake achore upande wa kulia ambako ni peupe, achore anavyotaka, hata mbwa. Akatikisa kichwa.

"Bati na ukuta vinakwenda pamoja. Mama akikataa, bati ninalipeleka parokia ya mume wangu. Wameshaniomba." Kisha akanigeukia mimi peke yangu, akaongea polepole, kwa adabu yote. "Mjukuu wako atabaki kwangu mpaka amalize. Yule ni mdogo wangu, simfukuzi. Lakini wewe, mama, ukikataa leo, usije tena kwangu. Sitaweza kukupikia chai."

Nilimlisha yule mtoto uji kwa kidole. Alipokuwa na surua nililala naye kifuani siku saba. Nilimtazama pale na gauni lake la kijani lenye vumbi magotini, nikaona pua ya mama yake, ileile, nikatamani kusema ndiyo. Neno lenyewe ni dogo. Ningelisema tungekwenda wote Mlandege tukala wali, angenishika mkono kwenye ngazi kama anavyofanya siku zote, anahesabu kwa sauti ili nisikosee.

Paroko akasogea. Akalifungua daftari la zamani, kurasa zimekuwa na rangi ya chai, akasoma lile neno la katekista, kila nyumba. Akasema, "Mama, sitakulazimisha. Nyumba yako ikikataa, mimi simgusi hata mmoja. Ikikubali, fundi anaanza kesho. Unasemaje?"

Nikaangalia ukuta, sikumwangalia tajiri. Kama ningemwangalia nisingeweza.

"Sikubali. Ukuta huu una watu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia anahama."

Nilisikia viatu tu, ko, ko, ko, vinakwenda mlangoni, havikusimama, kisha gari likawaka. Mama wa benchi la tatu aliinua kanga yake akajifunika kichwa. Mjukuu wangu alikuwa anatazama mlango.

Katibu alikaa na kalamu hewani, kijasho kinamtoka na baridi yote ile. Akaniuliza taratibu kama anayemuuliza mgonjwa, "Bibi, daftari linataka maneno yako. Bado una nafasi ya kubadilisha. Niandike nini?"

"Andika hivi. Sikubali. Ukuta huu una watu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia anahama."